Ukubwa wa Kampuni Si Dhamana ya Lugha

Kijana wa Mombasa anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hakosi kupewa ushauri huu: chagua lugha yenye kampuni kubwa nyuma yake. Atausikia kwenye vikao vya vijana wa teknolojia Mji wa Kale, atausikia kwenye korido za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, na atausikia kwa muuza kompyuta wa Digo Road ambaye hajapata kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Go na Dart ni za Google, C# ni ya Microsoft, Swift ni ya Apple. Kampuni hizo hazifilisiki leo wala kesho, basi na lugha zao zitadumu. Akiuliza itakuwaje kampuni ikibadili nia, jibu liko tayari: msimbo wa lugha hizo ni huria, leseni inamruhusu kila mtu, na hakuna wa kukunyang'anya.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, na anayeupinga sharti aanze kwa kuukubali ukweli huo. Kuitunza lugha ya programu ni kazi ya kila siku: kuziba mianya ya usalama, kuandika maelezo ya matumizi, kujaribu kila toleo kwenye mashine za kila aina. Kazi hiyo ina mshahara, na mara nyingi kampuni kubwa ndizo zinazoulipa. Go ilipofikia toleo la 1 Machi 2012, wenyewe waliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa toleo hilo itaendelea kufanya kazi katika matoleo yatakayofuata, na ahadi hiyo wameishika kwa namna ambayo lugha chache zimeweza. Kotlin, iliyobuniwa na kampuni ya JetBrains, iliwapunguzia waandishi wa programu za Android maudhi mengi ya Java. Si haki kuyasahau hayo.

Kasoro iko katika hatua inayofuata. Kutoka "kampuni ni kubwa" hadi "mimi niko salama" kuna pengo, na ushauri huu hulivuka bila kulitazama. Hoja yangu ni kwamba ukubwa wa kampuni moja hausemi lolote kuhusu usalama wa anayeitegemea lugha yake. Cha kuhesabu ni wenye nguvu wangapi wanaihitaji lugha hiyo, ambao hakuna mmoja wao awezaye kumwamuru mwenzake.

Tuanze na dhana kwamba kampuni ikiishi, lugha yake itaishi. Microsoft iko hai, na ni miongoni mwa kampuni tajiri kuliko zote duniani. Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998 na ambayo Wakenya wengi waliosoma kompyuta sekondari wanaikumbuka, haikudumu nayo. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa Visual Basic .NET, lugha yenye jina la kufanana lakini isiyoweza kupokea msimbo wa zamani bila sehemu kubwa kuandikwa upya. Mwaka 2005 watumiaji, wakiwamo wale ambao kampuni yenyewe ilikuwa imewatunuku hadhi ya ubingwa, walitia saini ombi la kutaka lugha yao iendelezwe. Ombi halikukubaliwa. Aprili 2008 msaada kwa zana za kuiandikia ukakoma. Programu zilizokwisha kutengenezwa ziliendelea kufunguka kwenye Windows, ila lugha ilikuwa imefika mwisho wa njia, na kwa kuwa msimbo wake haukuwa huria, hapakuwa na wa kuiendeleza.

Adobe nayo iko hai. Iliacha kuitunza Flash, pamoja na lugha yake ya ActionScript, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Flash yenyewe ilikataa kuonyesha kazi zilizotengenezwa kwayo. Sababu za kuizima zilikuwa na maana, maana mianya yake ya usalama ilikuwa mingi. Hata hivyo, aliyekuwa amejenga masomo ya watoto au michezo kwa Flash alibaki na mafaili yasiyofunguka.

"Hizo ni hadithi za zamani," ataniambia mwenzangu, "siku hizi kila kitu ni huria." Haya, tuje karibu. Google ilianzisha Dart mwaka 2011 ikitaka iingie moja kwa moja ndani ya kivinjari cha Chrome. Machi 2015 ikaiacha azma hiyo. Lugha ikapata uhai wa pili kupitia Flutter, ambayo humwezesha mtu kuandika mara moja akapata programu ya Android na ya iPhone, na ndiyo maana inawavutia vijana wanaofanya kazi za wateja wadogo wasioweza kulipia programu mbili. Mwaka 2024, wiki chache kabla ya mkutano wake mkubwa wa kila mwaka, Google ilipunguza wafanyakazi, wakiwamo wa timu za Flutter na Dart. Flutter haikufa. Lakini Oktoba mwaka huohuo mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya timu hiyo alitangaza tawi la pembeni, Flock, akilalamika kwamba timu imekuwa ndogo mno kwa wingi wa watumiaji. Aliyeketi Ndia Kuu akiandika programu ya mteja wake hakuulizwa lolote kati ya hayo. Wala kampuni haikumkosea, kwa sababu haikuwa imemwahidi kitu.

Hapo ndipo inapoingia nguzo ya pili ya ushauri, yaani leseni huria. Leseni ya namna hiyo inakuruhusu kuuchukua msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Ni haki kubwa, ila ruhusa ya kunakili haikupi kura. Go ina leseni ambayo ni miongoni mwa zenye masharti machache kabisa, na bado mwelekeo wake huamuliwa na timu ambayo kiini chake kimeajiriwa na Google. Kuanzia mwaka 2016 wanajumuiya walijenga zana iitwayo dep, ya kusimamia maktaba ambazo programu huzitegemea, na timu ya Go iliitambua kuwa jaribio rasmi. Februari 2018 Russ Cox, aliyekuwa kiongozi wa kiufundi wa Go, akachapisha muundo wake ulio tofauti. Muundo huo ndio ulioingia katika lugha, dep ikaachwa. Huenda muundo wa Cox ulikuwa bora, na wengi leo wanautumia bila malalamiko. Suala ni nani aliyekuwa na neno la mwisho. Watu wa nje walifanya kazi, watu wa ndani wakaamua. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Sauti za nje si bure kabisa. Februari 2023 Cox huyohuyo alipendekeza zana za Go ziwe zikituma takwimu za matumizi kwa Google bila mtumiaji kuombwa kwanza. Kelele zikapigwa, naye akageuza pendekezo: takwimu zitumwe na anayekubali tu. Anastahili sifa kwa hilo. Lakini aliyesikilizwa kwa hisani leo hana la kushika kesho hisani ikiisha.

"Basi si mtu auchukue msimbo aanzishe lugha yake?" Kuanzisha tawi la lugha kunataka wahandisi wa kulipwa mwaka hadi mwaka, mashine za majaribio, na jina jipya la kuwashawishi watu walifuate, kwani jina la zamani na nembo hubaki mali ya kampuni. Hakuna ofisi kisiwani humu, kuanzia Kizingo hadi Tudor, yenye kifua hicho. Kwa mtu wetu haki ya kuanzisha tawi ni ya kweli kwenye karatasi, ila mwenye kuitumia atakuwa mwingine, na atalipeleka tawi hilo kunakomfaa yeye.

Kuna jambo jingine ambalo ushauri huu haulioni kabisa. Unamchukulia kijana kana kwamba amesimama mbele ya rafu ya lugha akachagua atakayo, ilhali uchaguzi huwa umeshaelekezwa kabla hajafika. Simu nyingi mno Kenya ni za Android. Google ilipoikubali Kotlin kuwa lugha rasmi ya Android Mei 2017, kisha kuifanya lugha inayopendelewa Mei 2019, haikumpiga marufuku mtu kuandika kwa Java. Ilianza tu kuitanguliza Kotlin katika maelezo, mifano na zana mpya. Jetpack Compose, zana ya kisasa ya kujengea sura ya programu, huandikiwa Kotlin peke yake. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo, ikishirikiana na Udacity na Andela, ilifadhili maelfu ya vijana wa Afrika kusoma uandishi wa programu za Android na za wavuti. Ufadhili huo uliwafaa walioupata, na ulimfaa vilevile mfadhili: kila aliyehitimu aliingia sokoni akiwa tayari amezoea zana zake.

Mombasa ina sababu ya pekee ya kuuelewa utaratibu huu. Mwaka 1928 wajumbe kutoka makoloni ya Afrika Mashariki walikutana mjini humu kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya mji uliowakaribisha, kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji na wenziwe, na wamishonari wa Church Missionary Society walikuwa wamekipigania kwa miaka. Mkutano ukachagua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kimaeneo, na vitabu vya shule vikawa vinapitia mikononi mwake kupata ithibati. Hakuna sheria iliyomkataza mtu wa Mji wa Kale kusema au kutunga kwa Kimvita, na washairi hawakuacha: Abdilatif Abdalla alichapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973 kwa lahaja hiyo. Kilichohama ni vitabu, mitihani na ajira, na watoto wakafuata huko. Sisemi uamuzi ule haukuleta faida. Makala hii inasomeka Bukoba na Bukavu kwa sababu ya usanifishaji huo. Nasema kwamba mtu anaweza kunufaika na uamuzi ambao hakuwa na sauti ndani yake, na kunufaika huko kusimfanye adhani kuwa sauti anayo.

Athari za maamuzi ya kampuni hizi hazikomi kwa waandishi wa programu. Wakenya waliowasilisha ritani za kodi kupitia iTax walizoea kupakua jedwali la Excel ambalo halifanyi kazi mpaka uruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyoandikwa kwa Visual Basic for Applications, mali ya Microsoft. Mwaka 2022 Microsoft, kwa sababu nzuri za usalama, ilianza kuzuia makro katika mafaili yanayotoka intanetini mpaka mtumiaji ayafungulie mwenyewe. Uamuzi uliokatwa Marekani ukamgusa mwenye duka wa Biashara Street akiwa mbioni kuwahi tarehe 30 Juni. Afadhali Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeweka pia jedwali la ODS, linalofunguka kwa programu huria za ofisi. Aliyelijua alikuwa na njia ya pili.

Wapo wanaofika hapa wakarukia upande wa pili: tuzikimbie kampuni, tutumie lugha zisizo na mwenyewe. Hao nao wanakosea. Python haina kampuni; jina lake liko chini ya Python Software Foundation, na baada ya mbunifu wake, Guido van Rossum, kuachia usukani Julai 2018, uongozi ulikwenda kwa baraza la watu 5 wanaochaguliwa na waandishi wakuu wa lugha hiyo. Lakini Python hiyohiyo iliwasumbua watumiaji wake zaidi ya muongo mzima: toleo la 3 lilitoka Desemba 2008 likiwa halikubali sehemu kubwa ya msimbo wa toleo la 2, na toleo la 2 halikustaafishwa mpaka Januari 2020. PHP, inayobeba WordPress na kwa hiyo tovuti nyingi za hoteli na shule zetu, ilitegemea watu wachache mno kwa kazi nzito. Mmoja wao, Nikita Popov, alipotangaza kupunguza kazi yake Novemba 2021, ndipo PHP Foundation ilipoundwa ili kuwalipa wengine, na waliochanga fedha za kuianzisha walikuwa ni kampuni. Lugha isiyo na mlezi yeyote iko hatarini kama ile yenye mlezi mmoja.

Kipimo chenyewe kinaonekana vizuri zaidi kwenye Java. Ilitoka Sun Microsystems mwaka 1995. Oracle iliinunua Sun Januari 2010, na kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa imeishtaki Google kwa kutumia sehemu za Java ndani ya Android. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoipa Google ushindi tarehe 5 Aprili 2021, majaji 6 kwa 2. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, mwaka 2019, Oracle iliacha kutoa bure masasisho ya Java 8 kwa matumizi ya biashara, na mwaka 2023 ikaleta ada inayohesabiwa kwa wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasiogusa Java. Mmiliki mkali kuliko huyo ni vigumu kumpata. Kwa mantiki ya woga, Java ndiyo iliyopaswa kukimbiwa kwanza.

Mbona haikuwaangusha watu? Nchini Kenya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2011, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, ambayo ndiyo msingi wa KenyaEMR na rekodi zake za wagonjwa, nayo imeandikwa kwa Java. Mifumo hiyo huendeshwa bila kuilipa Oracle hata senti, kwanza kwa sababu Sun ilianza kuufungua msimbo tangu mwaka 2006, lakini zaidi kwa sababu walikuwapo wenye nguvu wengine ambao biashara zao zisingevumilia Java ifungwe: IBM, Red Hat, Amazon, hata Microsoft. Amazon ilitoa Corretto, Java yake ya bure, mwaka 2018. Microsoft ikatoa yake mwaka 2021. Eclipse Foundation nayo ina Temurin. Tumezoea kuambiwa kwamba wapiganapo mafahali, ziumiazo ni nyasi. Kwenye Java nyasi zilipona kwa kuwa mafahali walikuwa wengi na kila mmoja alitaka malisho yabaki. Visual Basic 6 ilikuwa na fahali mmoja, naye alipohama yakaisha.

Mji huu uliliona somo hilo baharini. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa iliukata TEAMS, siku chache tu baada ya nyaya nyingine kukatika Bahari ya Shamu. Intaneti ya Kenya na ya majirani zake ilizorota, lakini haikuzimika. Siku hiyo ukubwa wa waya uliokatika haukumfaa mtu. Iliyofaa ni kuwapo kwa njia nyingine.

Sasa yote haya yanambadilishia nini kijana aliyeko Swahilipot Hub, au msichana anayefundishwa na PwaniTeknowgalz? Kwanza, maswali yake. Akiambiwa "lugha hii ni ya fulani," aulize: fulani akiondoka kesho, nani mwingine mwenye mfuko atakayeibeba kwa sababu biashara yake itasimama bila lugha hii? Jina na nembo viko kwa nani? Kuna pendekezo lolote kutoka nje lililowahi kupita wakati kampuni hailitaki? Kwa Go majibu yamechanganyika: Docker na Kubernetes, zana za kuendeshea mifumo ya seva, zimeandikwa kwayo, kwa hiyo wenye haja nayo ni wengi, ingawa neno la mwisho liko kwa mmoja. Kwa Dart majibu ni dhaifu zaidi, kwa kuwa nje ya Flutter haina makao makubwa. Hayo hayamkatazi kuitumia. Yanamwonyesha ukubwa wa dhamana anayojiwekea mwenyewe.

Pili, atazame umri wa kazi. Programu ya tamasha la msimu mmoja haina sababu ya kuhofia mwaka 2035. Flutter itaifaa na itamwokolea mteja fedha. Mfumo wa hesabu za SACCO au wa rekodi za wagonjwa utaishi kuliko mkataba wa aliyeuandika, na huko kipimo cha wingi wa walezi kinapaswa kuwa kikali.

Tatu, kanuni za biashara ya mteja zikae mbali na lugha ya sura ya programu. Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017 kuunganisha mifumo ya nje na M-Pesa, hupokea ujumbe wa kawaida wa wavuti na haujali umetumwa kwa PHP, Python au Java. Anayeyaweka mahesabu yake kwenye seva nyuma ya mpaka kama huo anaweza kuibadilisha programu ya simu yote bila kuzigusa fedha. Daraja yenyewe ni ya kampuni moja, na maswali yaleyale yanaihusu. Ndiyo sababu mpaka wa namna hiyo uwe pia kati ya mahesabu na njia ya malipo.

Nitaambiwa kwamba mwajiri ndiye anayechagua, na kijana wa mwaka wa kwanza kazini hana la kusema. Ni kweli. Basi hoja hii iwaendee wenye la kusema: chuo kinachopanga mtaala, kaunti inayoandika masharti ya zabuni, mwenye kampuni ndogo anayeamua timu yake ijifunze nini. Zabuni inaweza kudai kwamba data itoke katika muundo ulio wazi na kwamba mahesabu yasifungwe kwenye kiunzi cha mtengenezaji mmoja. Mtaala unaweza kumpitisha mwanafunzi kwenye lugha mbili zenye wenyewe tofauti, pamoja na misingi isiyo na mwenyewe: hifadhidata, itifaki za mtandao, namna ya kulivunja tatizo. Mwanafunzi wa namna hiyo ataifanyia kazi kampuni yoyote kwa ufundi uleule, na siku mwenye lugha atakapobadili nia atakuwa na pa kwenda. Kampuni humsikiliza zaidi mtu ambaye inajua anaweza kuondoka.